Carbon Copy Cloner: nilivyorudisha faili zangu na kuhamia Mac mpya

Nimeitumia Carbon Copy Cloner (CCC) miaka mingi kunakili Mac yangu kwenye diski ya nje, lakini programu ya namna hii huijui vizuri mpaka siku ya kurudisha. Kwangu siku hiyo ilifika nilipohamia Mac mpya yenye chipu ya Apple.

Kilichonifurahisha kuliko vyote: faili zimekaa kwenye kloni, yaani ile nakala ya diski ya nje, vilevile zilivyokaa kwenye kompyuta. Hakuna kifurushi cha kufungua wala programu ya kusomea. Kabla sijahamisha chochote nilihitaji hati moja ya kazi haraka. Nikachomeka diski, nikaingia Finder, programu ya Mac ya kufungulia faili, folda ya Users, jina langu, Documents, nikaiburuta hati, kazi ikaendelea. Hata mipangilio ya programu iliyo kwenye folda iliyofichwa ya Library imo. Bonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja, itajitokeza. Ila maktaba ya Photos usiifungulie kwenye diski ya nakala. Inakili kwanza kwenye kompyuta, maana toleo jipya la Photos linaweza kuibadilisha maktaba ya zamani likiifungua, na hapo hutabaki na nakala safi ya kurudia.

Uhamisho wenyewe niliuachia Migration Assistant, programu ya Apple ya kuhamisha data, iliyomo kwenye folda ya Utilities. Ukichagua kuhamisha kutoka Mac nyingine, Time Machine (nakala za akiba za Apple) au diski ya kuwashia, kloni inaonekana kwenye orodha. Kuwa makini na akaunti: kama Mac mpya tayari ina akaunti ya jina lilelile, utatakiwa uchague kubadili jina au kuifuta iliyopo. Mimi nilikuwa nimefungua ya muda kwa jina tofauti, kwa hiyo yangu ya zamani ilihamia bila mgongano, hadi picha ya mandhari ya skrini. Na tafuta kebo nzuri jamani! USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, wakati USB 3.0 inafika gigabiti 5.

Wanaotarajia kuwasha kompyuta kwa kloni wabadilishe mpango. Tangu macOS Big Sur ya mwaka 2020, mfumo endeshi unakaa kwenye sehemu iliyofungwa kwa muhuri wa kidijitali, na siku hizi CCC kwa kawaida hunakili data yako bila mfumo. Tena Mac ya chipu ya Apple ikifa hifadhi ya ndani, haiwaki hata kwa diski ya nje. Sakinisha macOS kwanza, kisha lete data. Kwangu huo ndio utaratibu bora, kwa sababu unaanza na mfumo safi.

Programu chache ziliomba leseni upya, jambo la kawaida. Diski ya zamani nimeiweka kando bila kuigusa. Mac mpya nimeipa diski yake yenyewe, ili nakala mpya zisifute zile za mwanzo kabla sijamaliza kukagua folda zote.