Feni ya rejeta haikuwa imekufa, ila walinibadilishia

Sina kawaida ya kuandika kuhusu gereji, lakini hii imenifikisha pabaya. Breki walizonifungia zamani zilitulia, hilo siwanyimi, na ndiyo sababu niliwapelekea gari lilipoanza kuchemsha.

Dalili niliwapa zote. Gari likiwa kwenye mwendo, mshale wa temperecha unakaa katikati. Likikwama kwenye foleni, unapanda. Nikishika mwendo tena, unashuka wenyewe. Yaani upepo wa barabarani ndio uliokuwa unafanya kazi ya feni, kuipuliza rejeta, kile kifaa kinachopoza maji ya injini. Nikamwambia fundi mkuu na jambo jingine: hata nikiwasha AC feni haizunguki, wakati siku zote kwenye gari hili ukiwasha AC feni inaitika hata maji yakiwa bado baridi. Kwa hiyo sensa ya joto si ya kukimbilia. Nikamwomba apime fyuzi, rilei (swichi inayoipelekea feni umeme) na umeme unaofika kwenye feni, basi.

Akanijibu mbele ya vijana wake, macho yakiwa kwenye simu: "Mama, kapumzike pale kwenye benchi, mambo ya umeme tuachie wenyewe."

Mimi ndiye ninayeliendesha gari hilo kila siku! Nikakaa, lakini nikawa nawaangalia. Hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme. Hakuna aliyevuta waya mbili kutoka kwenye betri akaigusisha feni moja kwa moja, kazi ya dakika chache tu ambayo ingeonyesha kama mota ni nzima. Kijana mmoja akaenda kufungua mfuniko wa rejeta wakati injini imetoka kuzimwa, mpaka nikapiga kelele. Maji yale yangemuunguza uso. Mwisho wakaniletea hukumu: mota imekufa. Nikalipia mpya, nikadai ile ya zamani, wakanipa kwa kununa.

Feni ikazunguka. Nikawa tayari kuwasamehe, hata kuwasifu. Hazikupita siku nyingi, foleni, mshale juu tena. Ilibidi niwashe hita mpaka mwisho ili ipunguze joto la injini huku natafuta pa kuegesha.

Safari hii nikaenda kwa fundi umeme wa magari mwingine. Huyu alisikiliza kwanza. Akachomoa rilei ya feni akaweka ya honi, kwa kuwa kwenye gari langu zinafanana, hakuna kilichobadilika, maana yake rilei haikuwa na tatizo. Akawasha AC, akapenyeza ncha za mita nyuma ya plagi ya feni, upande wa mota, bila kuichomoa. Kwenye betri volti zimepita 12, pale zinafika 5 tu. Ndipo akaichomoa plagi, upande wa waya za gari, akanionyesha. Plastiki imeungua, imekuwa ya kahawia na kupinda. Pini moja nyeusi, imelegea kiasi cha kucheza ukiigusa. Akanieleza kwamba feni inavuta umeme mwingi, pini ikilegea inapata moto, na moto unazidi kuilegeza. Wale walipochomoa plagi na kuirudisha kwenye mota mpya, pini ziligusana vizuri kwa muda, ndiyo maana feni ilizunguka. Kisha akaibana mota yangu ya zamani chini, akaigusisha na betri. Ikazunguka kwa nguvu zote.

Akakata plagi ile, akaunga nyingine. Sasa naweza kukaa kwenye foleni bila kuutazama mshale kila mara.

Kinachonichoma ni hiki: fundi aliyefunga mota mpya aliishika plagi iliyoungua kwa mkono wake. Ama aliiona akanyamaza, ama hakuitazama. Sijui lipi ni baya zaidi. Niliporudi kudai pesa yangu, jibu lilikuwa, "Kifaa kikishafungwa hakirudishwi."

Nilikusudia kusema wapelekeeni breki, umeme msiwapelekee. Lakini mtu anayebadilisha kifaa bila kukipima, kwenye breki atapima? Sitawapelekea tena hata tairi la kujaza upepo. Kijana wa mapokezi tu ndiye aliyeniomba radhi, na yeye hana makosa.

Plagi iliyoungua na mota ya zamani ninazo ndani ya gari. Wiki hii narudi nazo pale, na safari hii fundi mkuu ataiweka simu chini anisikilize mbele ya wateja wake.