Duka la vitabu vya dini Masasi: vitabu vizuri, ila kuna makapeni

Natoa nyota 3 kati ya 5, na wiki ya kwanza nilikuwa natoa 1 tena kwa shingo upande, kwaiyo ukiona nimepanda ujue kuna kitu kimetokea hapo katikati.

Duka lenyewe lipo Masasi mjini, sio mbali na soko la Mkuti. Jina silitaji maana mama mwenye duka ni mtu mzima, anasali na mama yangu, na huu mji ni mdogo. Ni kachumba kamoja tu. Kushoto Biblia na vitabu vya nyimbo vimefungwa nailoni visishike vumbi, kulia rozari, kalenda, kadi za kipaimara, na huku nyuma karibu na feni ndo kuna rafu ya hadithi, ambayo ndo mimi hunipeleka. Safari ya kwenda Mtwara naipima kwa kitabu, yaani kutoka stendi ya Masasi mpaka naingia Mtwara mjini namaliza nusu, ya kurudi namaliza iliyobaki. Na niseme ukweli, kwa rafu ile pekee mama huyu anastahili pongezi, kwa huku kwetu kupata riwaya ya Kiswahili ya Kikristo ambayo sio kijitabu cha kurasa 20 cha kukukataza pombe ni shida kweli.

Sasa msimu wa korosho uliopita, hela ya mnada imeingia, nikanunua riwaya moja ya konda wa daladala wa Dar anayekuja kuokoka. Elfu 10. Nikalipa, nikafungiwa kwenye gazeti, nikapanda basi. Ndanda hatujafika nikakutana na mstari mweusi.

Nikadhani ni kasoro ya mashine. Nikafunua mbele, mwingine. Mwingine. Kurasa ya 61 iko hivi: konda kagombana na abiria wa chenji, anamgeukia anamwambia "Wewe ni" halafu weusi mtupu kama lami, urefu wa kidole gumba, halafu "na ukoo wako wote". Nikanusa. Makapeni, ile kalamu nene ya wino mweusi! Mtu kakaa chini na makapeni akafuta maneno moja moja, tena kwa kukandamiza, wino umepenya mpaka upande wa pili. Na huko upande wa pili, kurasa ya 62, kulikuwa na mama mmoja anaomba, wino umeangukia palepale kwenye jina, kwaiyo maombi yake yanasomeka "Ee" weusi "nisaidie". Yaani kumfuta konda tumemfuta na Bwana.

Nikabaki nacheka peke yangu kwenye siti, kijana wa pembeni akahama.

Ila kero ilikuja baadae. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa Masasi, nimesoma bweni, nimesimama kwenye foleni ya ghala la korosho, matusi nayajua. Ukiniwekea kidoa cheusi hapo ubongo wangu hauweki "mpumbavu", unaenda moja kwa moja kwenye yale mazito. Mpaka nafika Mtwara yule konda nilishamtukanisha matusi ambayo sijui kama hata mwandishi anayajua. Nilikuwa namulika kurasa kwa tochi ya simu nione kwa chini kumeandikwa nini, mtu mzima na akili zangu. Sasa hapo kanilinda na nini?

Wiki iliyofuata nikarudi na kitabu changu kwapani. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu. Nikaweka kitabu mezani, nikafunua 61. Hakushtuka hata kidogo, akavua miwani yake ile iliyofungwa uzi akasema, "Nimekifuta mimi. Hivi vitabu wananunua watoto wa kipaimara, mwanangu, we unataka mtoto asome hayo afu aende akamwambie bibi yake?" Nikamwambia sawa mama, ila ungeniambia kabla sijatoa elfu 10. Akasema ningekwambia usingenunua. Hapo ndo nyota ya kwanza ilipoondoka na haijarudi. Bidhaa ukiipunguza unamwambia mteja, hata mwenye duka la dawa akikuuzia nusu ya kopo anasema.

Nikajifanya mjanja. Nikachukua Biblia yake palepale kwenye rafu, ile ya Union ya mwaka 1952 tunayoisoma wote, nikamfungulia Wafilipi 3:8, Paulo anasema mambo yote aliyokuwa anajivunia ameyahesabu "kuwa kama mavi ili nipate Kristo". Nikamuuliza mama, hapa makapeni imefika? Akaisoma taratibu na mdomo unacheza, akacheka mpaka akashika meza. Afu akasema, "Hayo kasema Mtume. Huyo konda wako ni mtume?" Akaongeza kwamba ndo maana watoto huwa anawapa ile ya Habari Njema, humo wameandika takataka. Na ni kweli, nimeenda kuangalia, ni takataka. Kwaiyo kumbe hata watafsiri wa Biblia walishakaa wakaumiza kichwa na neno hilohilo, wengine wakaliacha linuke, wengine wakalifunika.

Tukiwa tunabishana akaingia mzee mmoja na baiskeli yake, hata salamu hana, akamwambia mama wa watu, "We mchawi bado upo tu? Sanda yako nilishanunua inaliwa na panya." Na yule mama mwenye makapeni akamrudishia jibu ambalo hapa siwezi kuliandika, linahusu meno yake na kitu kingine. Wakacheka, wakapeana mikono, mzee akanunua kalenda akaenda zake. Mtani wake. Mtu wa huku haelezwi, Mmakua na Myao na Mmakonde wakikutana hata msibani maneno yanatoka na hakuna anayekasirika. Nikamuangalia mama, mama akaniangalia, akasema "huo utani". Nikasema ndio, na mle kwenye kitabu ni hadithi.

Na sio kwamba anajifanya. Kizazi chake wamecheza unyago, nyimbo za kule ndani ukiweka makapeni utabaki na karatasi nyeusi. Isitoshe Masasi hii ndo mji ambao Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi kuanzia 1926, alilichukua jando la wenyeji akaliingiza kanisani, akaacha anayoona yanafaa na akatoa anayoona hayafai kwa Mkristo. Swali la nini kinabaki na nini kinatoka tumelala nalo muda mrefu kuliko riwaya zenyewe. Ila askofu alikaa na wazee wakazungumza, hakupita usiku na makapeni.

Sasa nirudi kwenye bidhaa maana hii ni rivyuu. Ile rafu ina aina mbili za hadithi na zote zina shida yake.

Kuna zile zilizotafsiriwa kutoka Marekani. Hizi mama hazigusi, hazina cha kufuta. Wachapishaji wengi wa Kikristo kule wana miiko ya lugha, mwandishi anaambiwa kabisa hili halipiti, na miongoni mwa yasiyopita ni kutaja jehanamu kwa hasira, au kulitaja jina la Mungu kwa mshangao tu, kwa sababu ya ile amri ya Kutoka 20, usilitaje bure. Sawa, hiyo nawaelewa. Ila ukileta mwiko huo huku unakuta haufanyi kazi, kwetu jehanamu ni mahali, ukimwambia mtu kuhusu jehanamu atajua unahubiri. Na "Mungu wangu!" bibi yangu akijikwaa anasema na anamaanisha anamuita kweli. Tusi la Kiswahili halikai mbinguni wala motoni, linakaa kwa mama wa mtu na kwenye mwili wa mtu. Sa kwenye moja ya hizo tafsiri kuna jambazi mlevi kapigwa risasi ya mguu, anaanguka chini, anasema "Lo! Salale!" Aisee. Risasi ya mguu. Mwalimu wangu wa shule ya Jumapili alikuwa anang'aka zaidi ya hapo akimwaga chai. Mtu kama huyo akija kuokoka kurasa ya 200 mimi siguswi, maana tangu mwanzo alikuwa anaongea kama mwanakwaya, kaokoka kutoka wapi?

Afu kuna hizi za kwetu ambazo waandishi wanajichapishia wenyewe, ndo kama hii ya konda, hazina mhariri wa kuzuia na baadhi zimeniudhi kwa upande wa pili. Matusi yamemwagwa kama pilipili ya mtu aliyechoma nyama mbovu. Konda anatukana, dereva anatukana, mpaka mwenye gesti anatukana, wote kwa sauti moja. Waefeso 4:29 inasema neno lolote lililo ovu lisitoke vinywani mwenu, na mtu anaweza kubisha kwamba ni mdomo wa konda sio wa mwandishi, lakini kalamu ni ya nani? Nusu ya yale ungeyatoa na hakuna msomaji angeyatafuta.

Nimejuaje yaliyokuwa chini ya weusi? Hapa ndo nyota zinapoanza kupanda. Mama alipoona sitoki, akainama chini ya meza akatoa boksi. Ndani kuna kopi zilezile, safi, hazijaguswa, zimefungwa karatasi ya kaki. Nikamuuliza hizi za nani? "Za wachungaji." Jamani nilikaa chini. Wachungaji wanaletewa za kaki, sisi wa kipaimara tunapewa za lami! Akanibadilishia bila kuongeza hata mia, akanipa na peremende, akaniambia nikiisoma nisiiache kitandani watoto wasiione.

Nikasoma nyumbani kwa mama yangu mzazi usiku, umeme umekatika, kwa tochi ileile. Nikaenda 61 kwanza, siwezi kudanganya. Lile doa lenye urefu wa kidole gumba, ambalo mimi nililijazia uchafu wote wa dunia kutoka Ndanda mpaka Mtwara, chini yake kulikuwa na "kenge". Wewe ni kenge na ukoo wako wote. Bas.

Ila 88 ni kweli ilikuwa mbaya. Pale konda anamtukana bibi kizee aliyechelewa kushuka, tusi la mama, limeandikwa lote bila kona. Nilifunga kitabu kidogo. Na ndo sehemu muhimu kuliko zote, kwa sababu mwishoni akishaokoka anamtafuta yule bibi Mbagala nzima aende akapige magoti, na kwenye kopi yangu ya makapeni sikuelewa kabisa mtu anazunguka hivo kwa kosa gani. Kumfuta pale ni kuua hadithi. Lakini na mwandishi nae hakuhitaji kuliandika lile neno. Kiswahili tayari kina njia, ungesema tu "akamtukania mama yake mbele ya abiria", kila mtu kuanzia Kilwa mpaka Newala angesikia kilichotoka. Mathayo kafanya hivohivo kwa Petro, 26:74, "Ndipo akaanza kulaani na kuapa akisema, Simjui mtu huyu. Na mara akawika jogoo." Jogoo tumeandikiwa, maneno ya laana hatukuandikiwa, na hakuna anayesoma pale akasema Petro hakufika chini.

Nilimwambia mama hili siku nyingine nilipopita kununua kadi. Akanisikiliza, akasema, "Basi mwandishi aje umfundishe." Makapeni ilikuwa bado mezani, ila safari hii ameweka kakaratasi kwenye rafu kameandikwa kwa mkono, VIMESAFISHWA. Mteja anajua. Nyota mbili zikarudi hapohapo.

Bei ni kati ya elfu 5 na elfu 15, hadithi hazizidi hapo, punguzo hakuna labda awe anamjua mama yako. Saa 11 jioni anafunga, Jumapili hafungui kabisa. Chenji ya elfu 10 asubuhi hana. Ukifika mwamkie vizuri, usianze na habari za Wafilipi, ulizia za kaki.