Uzoefu wangu na simu ya mkopo: "Mama, labda uhame nyumba"

Ni mwezi wa saba huu nalipia simu ya mkopo niliyochukua kwenye kampuni moja ya simu, na leo nimeamua kuandika kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Mambo ya kamera na chaji siyagusi, hayo yako kwenye boksi. Ninachotaka mjue ni kimoja: simu hii haikubali laini yoyote isipokuwa yao, na mtandao wao nyumbani kwangu haupo.

Nakaa Goba, Dar es Salaam, kule bondeni. Ukiacha lami unateremka kwa miguu kama dakika kumi. Juu kwenye maduka vijiti vinasoma vinne. Ukifika kwenye kidaraja vimebaki viwili. Getini kwangu ni kimoja, nacho kinakuja na kuondoka. Ukiingia sebuleni simu inaandika "dharura tu", basi, hapo ndiyo mwisho wa habari.

Siku nachukua simu, binti wa dukani alinipokea vizuri sana. Aliniomba namba ya NIDA, akachukua alama za vidole, nikatoa kianzio cha shilingi 80,000, na rejesho likawa 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Aliuliza nafanya kazi gani, akaomba namba za ndugu wawili wa kunidhamini. Ninapoishi hakuuliza. Na mimi sikuuliza kama mtandao wao unafika, kwa sababu laini yangu ya zamani, ya mtandao mwingine, ilikuwa inashika hadi jikoni.

Mimi naoka keki. Oda zote zinaingia kwa simu: mtu anapiga, anataja tarehe, anatuma picha ya keki anayoitaka, tunapatana. Simu isipopatikana mteja hasubiri, anampigia mwokaji mwingine. Kwa hiyo wiki ile ya kwanza nilitafuta pa kuiweka, nikazunguka nayo nyumba nzima nimeinyoosha juu. Mahali penye afadhali ni nyuma ya nyumba, juu ya ukuta wa tanki la maji. Nikachukua kopo kubwa la siagi, nikalikata upande mmoja, nikalilaza pale juu, na simu ikawa inakaa humo ndani isinyeshewe. Ikiita natoka mbio na unga mikononi. Mtu akipiga nikiwa nimewasha mashine ya kuchanganyia, sisikii. Hilo nilishalizoea, na kama shida ingekuwa hiyo peke yake nisingeandika.

Shida ni kwamba simu ya mkopo usipolipa inajifunga. Hilo nililijua na nililikubali, deni ni deni. Ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba hata ukilipa, simu haifunguki mpaka ipate taarifa kutoka kwao kwa njia ya intaneti. Mtandao usipokuwepo, simu inabaki inaamini hujalipa.

Ijumaa moja, majuzi tu kabla ya mvua hizi, nililipa saa tatu usiku nikiwa nimesimama pale tankini. Hela ikakatwa. Nikaingia ndani, nikamalizia keki ya sendofu, ghorofa tatu, maua ya pinki na dhahabu, ya kuchukuliwa Jumamosi asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri naamka, kioo kimejaa maandishi mekundu: malipo yamechelewa, lipa ili kufungua kifaa. Nikaipeleka tankini, hakuna kitu. Nikapanda juu ya ndoo, nikaishika juu kwa mikono miwili mpaka mabega yakauma, hakuna kitu. Mwishowe nikajifunga kanga nikapanda kilima mpaka kwenye lami. Nikasimama pale nikiizima na kuiwasha. Ilikuja kufunguka saa mbili na dakika arobaini. Papo hapo meseji zikaanza kumiminika. Mwenye keki alikuwa amenipigia mara kumi na moja. Dereva wake alikuwa ameshuka mpaka kidaraja cha chini, asijue nyumba, akageuza. Keki walinunua kwingine. Yangu ilikaa mezani na maua yake, na malipo ya mwanzo ya yule dada ilibidi niyarudishe.

Jumatatu nikaenda dukani kwao. Nilikaa foleni saa nzima na zaidi. Ikafika zamu yangu kwa kijana mmoja ambaye kwa umri namzaa. Hakusema shikamoo, hakusema karibu, macho yako kwenye kompyuta. Nikamweleza yote: bondeni, tanki, kufungwa, keki. Akabonyeza bonyeza, akasema, "Huku kwetu Goba inasoma ina mtandao." Nikamwambia baba, Goba ni kubwa, ina milima na mabonde, mimi naongelea nyumbani kwangu. Hapo ndipo akainua macho kwa mara ya kwanza, akasema, "Sasa mama, unataka tufanyeje? Labda uhame nyumba."

Kuna mtu nyuma yangu alicheka.

Nyumba hiyo mimi na marehemu mume wangu tumeijenga miaka tisa. Kiwanja kilikuwa pori, maji tulikuwa tunanunua kwa boza. Kuna mwaka mzima tulipandisha kozi mbili tu za tofali. Bati za upande wa jikoni nimezimalizia mwenyewe kwa hela za keki baada ya yeye kuondoka. Halafu kijana wa dukani ananiambia nihame kwa ajili ya simu ya 1,500 kwa siku! Sikumjibu. Nilichukua kitambulisho changu, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la mama muuza matunda mpaka mikono ilipoacha kutetemeka.

Wengi wameniambia nihame mtandao. Ni kweli, hapa Tanzania tangu 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako ileile, na ningekuwa na simu yangu mwenyewe ningehama siku hiyohiyo. Lakini namba ikihama, simu inabaki kwao. Imefungwa kwenye laini yao mpaka nimalize siku 365. Nikiacha kulipa inageuka jiwe, na 80,000 pamoja na marejesho yote yamepotea. Kwa hiyo nalipia kitu ambacho mwenye nacho ananizuia kukitumia mahali kinapofanya kazi. Hapo ndipo penye kidonda changu, maana vijiti vidogo peke yake ningevivumilia.

Sasa niwe mkweli, maana sipendi kumsema mtu nusu. Nilipopiga huduma kwa wateja nikiwa kule barabarani, nilipokelewa na kijana mwingine kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, akanipa namba ya malalamiko na kuniambia niitunze. Baada ya siku kadhaa akaja fundi wa mtandao, mtu mzima kidogo, akavua viatu mlangoni. Alizunguka nyumba yangu na simu yake inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba. Sebuleni ilisoma hasi 118, kule tankini hasi 97. Akanieleza kwamba namba hiyo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao unavyokuwa na nguvu, na kwamba ikifika hasi 118 simu inahangaika tu. Mnara wao uko upande wa pili wa kilima, na mawimbi ya masafa ya juu hayapindi kilima vizuri, na yakifika kwenye ukuta wa tofali na paa la bati yanazidi kuchoka. Masafa ya chini, yale ya megahezi 700 na 800, ndiyo yanayofika mbali na kupenya kuta, lakini mnara ule hauelekei kwetu. Laini yangu ya zamani ilikuwa inashika kwa sababu mnara wa wale wengine unatazamana na bonde letu. Halafu akasema neno ambalo nilikuwa nalisubiri miezi: "Mama, tatizo lipo kweli. Wewe husemi uongo."

Nilimkatia keki. Alinielekeza nikitaka kupiga simu ndefu niiondoe kwenye 4G niiweke 3G, na kweli simu zinakatika kidogo kuliko mwanzo. Kuhusu kunifungulia simu itumie laini nyingine alisema hilo haliko kwenye mamlaka yake, ila ataliandika kwenye ripoti. Siku ile nilikuwa tayari kutoa nyota tatu. Nilisema moyoni, kampuni ina watu na watu, yule wa dukani asiwaharibie wenzake. Hata simu yenyewe ni nzuri, picha za keki zangu zinatoka vizuri kuliko zamani, na wateja wawili wapya nimewapata kwa picha hizo.

Nikasubiri majibu ya ripoti. Wiki ikaisha, nyingine ikaisha. Nikapiga, nikaambiwa linashughulikiwa. Nikapiga tena, dada akaniambia kwenye kompyuta yake hakuna ripoti ya fundi, kuna lalamiko tu, na lalamiko limefungwa. Nani kalifunga? Hajui. Nikamuuliza basi kama naweza kufunguliwa simu, au angalau iwe inajifunga baada ya saa 24 ili nipate nafasi ya kupanda barabarani. Akasema mkataba hauruhusu.

Basi utaratibu ninaujua. Unaanza kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, usiporidhika unapeleka TCRA, mamlaka inayosimamia kampuni za simu. Nimeshaandika barua, nimeambatanisha namba ya lalamiko, nakala za meseji za malipo ya usiku ule, na picha ya kioo chenye maandishi mekundu niliyopigiwa na jirani. Wiki hii naipeleka mwenyewe Mawasiliano Towers, pale barabara ya Sam Nujoma. Siombi hela. Naomba waruhusu simu hii itumie laini inayoshika nyumbani kwangu, na mimi nitaendelea kuwalipa 1,500 yao kila siku mpaka siku ya mwisho.

Nilikuwa nimeamua kuandika nyota mbili, moja ya fundi na moja ya yule kijana wa simu. Lakini jana jioni nilikuwa tankini nalipa rejesho, ikaingia meseji: "Mpendwa mteja, tatizo lako la mtandao limetatuliwa. Asante kwa uvumilivu wako." Kabla sijamaliza kuisoma, kijiti kikaondoka. Nyota moja.