Waya wa AV au HDMI kwa king'amuzi chako?

Nyumba nyingi hapa Mtwara king'amuzi bado kimeungwa kwa waya wa AV: kichwa cha njano cha picha, cheupe na chekundu vya sauti. Picha inatoka, ila namba mgongoni mwa jezi huisomi. AV hupitisha picha kwa analojia, ikichorwa kwa mistari 576 tu. HDMI, iliyoanzishwa mwaka 2002, hubeba picha na sauti kidijitali kwa waya mmoja, mistari 1080 na zaidi. Kama king'amuzi na televisheni vyote vina tundu lake, chukua HDMI bila kusita.

Kichwa cha dhahabu kisikupumbaze. Dhahabu huzuia kutu, haiongezi ung'avu. Kwa mita mbili waya wa kawaida ulio mzima unatosha.

Kutu yenyewe tunaijua sisi wa Shangani na Mikindani, kwa upepo wa chumvi. Nilichomoa AV ya nyumbani nikakuta ukoko wa kijani kwenye kichwa cha njano. Nilipousugua, rangi zikarudi. HDMI ikilegea hutoa vimulimuli, au kioo huwa giza kabisa.

Mwenye televisheni ya kichogo abaki na AV.