GC ya mtumba kwa kupima gesi za salfa: miezi minane nayo

Tuna hii GC ya mtumba (kromatografu ya gesi, mashine inayotenganisha gesi zilizochanganyika na kuzipima moja moja) yenye ditekta ya FPD, yaani ile inayounguza sampuli kwenye moto wenye haidrojeni nyingi, salfa ikiungua inatoa mwanga wa bluu (nanomita 394 hivi) na mashine inausoma. Kazi yetu ni hewa ya kwenye mabwawa ya majitaka, majirani wamechoka na harufu wanataka namba.

Mwezi wa kwanza nilimlaani bure aliyetuuzia. Unapiga haidrojeni salfaidi kutoka silinda ya kusetia mashine, sehemu 1 kwa milioni kabisa, kilele (kale kamlima ka gesi kwenye grafu) kinatoka kadogo kamelala, ukipiga tena kinakua, mara ya tano kinakua zaidi, nikajua ditekta imekufa. Kumbe ni kale kamrija ka stenlesi kutoka kwenye vali, chuma kinakula salfa kwanza mpaka kishibe ndio kinaachia! Tukaweka Teflon, na sehemu yenye joto mrija uliopakwa silika ndani, shida ikaisha.

Mifuko ya Tedlar (ya plastiki, ya kubebea sampuli za hewa) ni mizuri ila isikudanganye. Masaa 24 ndio mwisho, na uikinge na jua. Ijumaa moja nilipima mfuko nikauacha dirishani, Jumatatu nikaurudia, haidrojeni salfaidi karibu yote imeyeyuka, methili merkaptani (ile ya kabichi iliyooza) imeshuka, halafu kuna kilele cha dimethili disalfaidi ambacho Ijumaa hakikuwepo kabisa, yaani merkaptani imegeuka humohumo mfukoni.

Moto wake huuoni kwa macho, usichungulie. Shika spana baridi juu ya tundu la kutolea hewa, ikipata ukungu moto unawaka. Umeme ukikatika unawasha upya na kusubiri mpaka mstari wa grafu utulie, kwetu asubuhi nzima imekwenda hapo.

Kingine, salfa ikizidi mara mbili kilele kinakua kama mara nne, sio mara mbili. Mwenzangu alichora mstari mnyoofu wa kugeuza vilele kuwa namba, akatoa ripoti, tukairudia yote. Na methani ya mabwawani ikitoka pamoja na salfa inafifisha ule mwanga, ndio maana kwenye kolamu nzuri (mrija mrefu unaotenganisha gesi) msibane hela.

Naipa mashine nyota tatu na nusu. Nusu nimekata kwa sababu ya haidrojeni inavyokula hela, ile moja nzima ni kwamba pua inaishinda mashine: chini ya sehemu 50 kwa bilioni yetu haioni kitu mpaka uikusanye sampuli kwenye mtego wa baridi, ambao hatuna, wakati pua inashika mayai viza kwenye sehemu chache tu kwa bilioni. Juzi mama mmoja jirani na bwawa kaniuliza, mwanangu, namba zimetoka ngapi? Nikamwambia mama, mashine haijaona kitu. Akaniangalia tu, khanga kaibana puani.