TAHADHARI: "Windows original ya maisha" iliyokata roho baada ya miezi sita

Wakuu, kama unajipanga kumnunulia mtoto wa chuo kompyuta mpakato pale Kariakoo, soma hapa kabla hujatoa hela.

Machi nilimnunulia mdogo wangu anayesoma uhasibu mashine mpya, 1,150,000. Muuzaji kijana mchangamfu: "Bosi, hii Windows yake original, ya maisha, na Office nimekuwekea bure." Ikawashwa mbele yangu, nikalipa. Septemba dogo ananipigia, pembeni chini kulia kwenye skrini kumeota maandishi ya kijivu yanadai leseni. Nikamtafuta muuzaji. "Kaka, hiyo kawaida tu, ilete nikupigie Windows upya, elfu ishirini."

Ndipo nikaenda kulishusha boksi juu ya kabati. Ubavuni, kwenye stika yenye namba ya mashine, imeandikwa FreeDOS, mfumo mdogo wa bure unaowekwa mahali pa Windows. Yaani kiwandani ilitoka bila Windows kabisa! Na seloteipu ilikuwa imechanwa ikabandikwa nyingine juu yake. Siku ile niliiona, nikajiambia wameifungua kuijaribu. Kuuza mashine ya FreeDOS si kosa, hata mimi ningeichukua kwa bei yake. Huyu kanitoza bei ya Windows.

Windows inayotoka na mashine kiwandani, ile wanayoiita OEM, leseni yake imefungwa kwenye maza bodi ya mashine hiyohiyo. Haihamishiki. Fundi akikwambia amekuhamishia leseni ya OEM kutoka mashine iliyokufa, anakupiga. Enzi za Windows 7 ufunguo wa herufi 25 ulibandikwa chini ya mashine. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kiwanda kinauweka ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi iliyo kwenye maza bodi, hata ukifuta diski yote na kupiga Windows upya toleo lilelile, inausoma yenyewe.

Kwa hiyo ukiwa bado dukani, hela ikiwa mfukoni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli kisha Enter. Ikitokea OEM_DM, hiyo ni ya kiwandani. Ikitokea VOLUME_KMSCLIENT, geuka uondoke: hiyo ni leseni ya taasisi zenye mashine nyingi, inadumu siku 180 na inatakiwa ijihuishe kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya taasisi yenyewe. Ya dogo ndiyo hii, na hana taasisi wala seva. Ikitokea RETAIL, ni ya kununuliwa kivyake, basi akuonyeshe risiti yake. Usiridhike na neno "permanently activated", siku hizi wana ujanja wa kulitokeza hata kwenye ya kuchakachua. Ukitaka kumbana zaidi, fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ikirudi patupu, kiwanda hakikuweka ufunguo wowote humo.

Kilichoniudhi kuliko ile elfu ishirini ni hiki. Nilipoingia kwenye mipangilio ya ulinzi nikakuta folda moja imeandikiwa ruhusa isikaguliwe na antivairasi. Ndimo ilimokaa programu yake ya kuchakachulia. Na kwa mashine hiyohiyo dogo alikuwa anaingilia akaunti yake ya benki. Nimemwambia abadilishe nywila zote, kwa simu, siyo kwa mashine ile.

Kwa sasa nimempigia Ubuntu badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, bure na halali. Analalamika kwamba mafaili ya Excel ya mwalimu wake yanafunguka yamevurugika, na ana haki.

Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ninayo, ila imeandikwa "LAPTOP 1" basi. Wewe mwambie aandike toleo la Windows na kwamba ni ya kiwandani, tena kabla hujalipa. Jumamosi naenda dukani na boksi langu kwapani. Akileta ubishi nalipeleka suala hili FCC, Tume ya Ushindani. Nitaleta mrejesho.