Icom IC-A25N: radio ya mkononi ya kuweka mu ndege, kwa siku ile mnara wa kuongoza ndege hautakusikia

Nianze na jibu, wenye haraka wasome hapa tu. Hii radio ni nzuri, nunueni, lakini ukiiacha na ile antene yake fupi ya mpira peke yake basi umenunua nusu ya kitu. Nusu ingine ni waya wa antene ya inje na adapta ya kaske (kile cha masikio chenye mikro), na hiyo njo itaamua kama mnara wa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, watakusikia ao hapana.

Mimi ni fundi wa radio na vyombo vya ndege hapa Lubumbashi, zile ndege ndogo za injini moja zenye kwenda Kalemie, Manono, Pweto, Kasenga na viwanja vya udongo kule ndani. Kule radio si mapambo. Mu anga inayoongozwa toka Kinshasa kuna sehemu kubwa unaweza kuita na mtu wa chini asikujibu, njo maana mapiloti wanajitangazaka wao kwa wao ku frekanse 126.9, ule utaratibu IATA, shirika la kampuni za ndege duniani, iliweka kwa Afrika: mimi ni fulani, niko hapa, urefu huu, naelekea kule, nitafika saa fulani. Sasa piloti mwenye radio imekufa hakupoteza mnara peke yake, amepoteza na mwenzake anayekuja mbele yake mu mawingu ileile. Hilo linaniumizaka kichwa kuliko yote.

Watu wataniambia ndege yetu iko na radio mbili ku dashibodi, ya tatu ya nini? Angalieni nyuma ya dashibodi. Radio ya 1 na ya 2 zinapitia boksi moja ya sauti, kaske zote zinachomekwa pale, na mara nyingi zinakunywa umeme ku njia moja. Ile boksi ikifa, radio zote mbili ni nzima na hakuna hata moja inaongea. Tuliiona wakati wa mvua tukitoka Pweto, mimi niko kiti cha kulia: radio ya 1 kimya, ya 2 kimya, taa zote za radio zinawaka vizuri kabisa. Piloti akaweka 7600 mu transponda, kile chombo chenye kujibu rada, maana yake nimepoteza radio, mimi nikatoa hii Icom mu mfuko wa mlango. Na antene ya mpira mnara ulisikia tu kwamba kuna mtu anabonyeza, maneno hapana. Nikafungua ile antene, nikachomeka waya wa antene ya inje tuliyokuwa tumeifunga juu ya paa makusudi kwa radio ya mkononi, na mara moja wakajibu, wakatupa piste na upepo, tukashuka kama siku zote.

Sababu si ubaya wa radio. Inatoa watti 1.8 za mawimbi yenyewe (ile 6 wanaandika ku karto ni kilele, radio zote za AM, namna ya radio za ndege, wanazihesabuka vile), na radio ya dashibodi ya watti 10 na kuendelea ni kawaida. Weka watti 1.8 ndani ya sanduku la aluminiamu, mbele injini inapiga kelele, unategemea nini? Lakini VHF, mawimbi ya radio hizi, inaenda kwa mstari wa kuonana, futi 3000 juu ya ardhi inakupa karibu kilomita 125 kama hakuna kilima, na kwa umbali ule watti chache zinatosha kabisa zikitokea inje ya bati. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende ku antene. Kichwa cha kuchomekea antene ni BNC, fundi yeyote wa radio anaijua, unazungusha robo tu inashika, unaweza kuifanya bila kuangalia.

Na kaske pia. Bila adapta ya kaske utakuwa unaweka radio ku sikio kama simu na husikii kitu, sababu ya kelele ya injini. Pake zinapishana, zingine adapta iko ndani, zingine unanunua pembeni, fungua karto mbele ya muuzaji.

Kitu kimoja ninachorudiliaka vijana wa atelye: akiba yenye kugawana kitu na ile ya kwanza si akiba. Tarehe 14 Septemba 2004 kule Marekani, kituo kikubwa cha Los Angeles chenye kuongoza ndege za njiani kilipoteza sauti na ndege kama 400 kwa zaidi ya saa tatu. Ndani ya mashine yao ya sauti kulikuwa saa yenye kuhesabu milisekunde kurudi nyuma, namba inaisha baada ya siku 49.7, na fundi alipashwa kuizima na kuiwasha kila siku 30. Haikufanyika. Saa ikafika sifuri, mashine ikajizima, na ile ya akiba ilipowashwa ikaanguka nayo. Waongozaji wakachukua simu zao za mfukoni kuita vituo vingine. Ndege kadhaa zilikaribiana kuliko inavyoruhusiwa, hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Na Newark, tarehe 28 Aprili 2025, rada na radio zilipotea pamoja, hazikufika dakika mbili lakini waongozaji wengine walitoka pale wakaomba likizo ya mshtuko. Nchi yenye pesa ile! Nikisoma vile naangalia hii radio yenye betri yake, antene yake, kaske yake, hakuna kitu inaomba ku ndege, na naona hapo njo thamani yake iko.

Vingine nilivyovipenda, haraka: kuna kibonyezo cha 121.5, frekanse ya hatari, peke yake, mkono ukitetemeka hautafuti namba. Iko IP57, yaani vumbi na maji haviiumizi, mvua ya Januari haiiui. Kuna kasha la mawe ya tochi ya AA, hili kwetu ni kubwa maana umeme wa kuchajia unajua mwenyewe, na mawe unayapata hata Kasenga. Inasoma na VOR, zile radio za chini zenye kuonyesha ndege njia, iko na GPS, vizuri, lakini sikuinunua kwa ajili hiyo.

Radio haiondoi masomo lakini. Ikifa nayo, mnara uko na tochi ya rangi na kila piloti anapashwa kuijua bila karatasi. Ukiwa hewani: kijani ya kutulia, shuka, kijani ya kupepesa, rudi ujipange kushuka, subiri ruhusa, nyekundu ya kutulia, pisha mwenzako endelea kuzunguka, nyekundu ya kupepesa, uwanja si salama, usishuke, nyeupe ya kupepesa, shuka hapa uende ku maegesho. Unajibu kwa kutikisa mabawa mchana, usiku unawasha na kuzima taa za kushukia. Kama unaona ardhi vizuri, baki unaona, shuka uwanja wa karibu wenye kufaa, piga simu useme niko salama, sababu kama hausemi watu wataanza kukutafuta mu pori. Na mbele ya yote angalia sauti kama haikushushwa, ploki ya kaske kama haikulegea, mikro kama haikushikwa imebonyezwa. Hii ya mwisho ni mbaya sana, mtu mmoja mwenye mikro iliyokwama anafunga mlango kwa wote wa frekanse ile. Tenerife 1977, ndege mbili kubwa ziligongana ku piste: wawili walibonyeza pamoja, ukatokea mluzi pahali pa maneno, na watu 583 walikufa siku ile.

Bei: Marekani ni dola zaidi ya 500, hapa mjini muuzaji mmoja alitaka karibu mara mbili. Simtaji. Ila betri ya pili aliyotuuzia haikumaliza hata asubuhi moja, na plastiki yake ilikuwa nyepesi kuliko ile tuliyoikuta mu karto. Betri ya radio hii pima uzito mkononi mbele ya kulipa, chaji palepale kama wanakubali, na omba fakture yenye namba ya radio, utaihitaji ku duane na kwa karatasi za ruhusa. Usitembee nayo ku Luano bila barua ya kampuni, utaeleza mpaka jua litue.

Radio yenyewe naipa nyota nne juu ya tano. Ile ya tano itakuja siku wataweka na waya wa antene ya inje ndani ya karto moja. Mwenye ndege hapa Lubumbashi ao Kolwezi na hajafunga bado antene ya paa, mwambie fundi wako aitenge mbali na ya radio ya 2, na kila mwanzo wa mwezi chomeka uite mnara kwa majaribio ungali chini, injini inawaka.